Mlango Naurudishia Tu

Kama hujawahi kumsikia Mama Ptu redioni, basi una bahati, au una hasara, sijui nikuambie lipi. Kila Jumamosi alasiri alikuwa anaingia hewani bila salamu. Anakohoa kidogo, anavuta mate, halafu: "Ptu!" Fundi mitambo upande wa pili wa kioo anajifuta shavu kana kwamba yamemfikia, na watu waliokuwa wanapiga pasi, wanasuka nywele au wanashona viatu wanaongeza sauti ya redio. Mama amekuja, leo kuna mtu ataumia.

Kipindi chake kiliitwa Ona au Acha. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu filamu ipi wakaione na ipi waipite mbali, na alizozipenda kuliko zote, kwa hiyo pia ndizo zilizomtia kinyaa kuliko zote, zilikuwa filamu za njozi: majini, nguva, mazimwi, wafu wanaorudi kudai haki zao. Hukumu zake zilikuwa tatu tu. "Kaone" maana yake filamu ni nzuri, toka nyumbani uende. "Kaone ukiwa na homa" maana yake itazame ukiwa umelala hoi, huna nguvu ya kuinuka kuizima. Ya tatu ilikuwa mate.

Na mate alikuwa nayo! Kuna filamu ya nguva ambaye mkononi ana alama nyeupe ya saa aliyoivua. "Huko chini ya bahari anawahi wapi?" akauliza. Ptu! Kuna ya zimwi lililotengenezwa kwa bomba la kumwagilia bustani, ukitazama vizuri unaiona koki. Ptu! Kuna moja ya mfalme wa majini anayekula mayai mabichi na maganda yake, ute unamtiririka kidevuni, na mpiga picha naye hana haya, anazidi kusogea. Siku hiyo Mama Ptu alishindwa kumaliza maelezo, fundi mitambo akaweka muziki. Lakini filamu nyingine, ambayo farasi mzee anasimama kwenye mvua muda mrefu mpaka anaanza kung'aa kama taa, hiyo aliisifu mpaka sauti ikamkauka. Watu wakaenda, wakalala usingizi, wakarudi wamekasirika. Yeye hakujali.

Sasa huyo mama alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, na mdogo wake alikuwa na mume. Ni huyo mume aliyeleta balaa lote.

Shemeji alikuwa mtu mwembamba, mwenye kelele, anayecheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza. Na kicheko chenyewe! "He, he, heee," halafu mwishoni kwikwi, kama mlango wenye bawaba kavu. Mama Ptu akikaa naye mezani alikuwa anashika kijiko kwa nguvu mpaka kicheko kipite. Ujanani shemeji alikuwa mtafsiri kwenye vibanda vya video. Unakijua kile kibanda: televisheni moja, mabenchi, madirisha yamezibwa magunia, na pembeni mtu mwenye kipaza sauti anayewaeleza wateja kwa Kiswahili kinachosemwa kwenye filamu ya kigeni. Anaigiza wote, mfalme, mtoto mchanga, mpaka mbwa. Mama Ptu aliiona kazi hiyo ni sawa na kumtafunia mtu chakula kisha ukamtemea mdomoni.

Vibanda vilipokufa, shemeji akaanza kutengeneza filamu zake. Ya kwanza aliyoikamilisha alihangaika nayo miaka, waigizaji ni majirani, taa kaazima kwa wapiga picha za harusi. Akaiita Jini la Msalani.

Mdogo mtu akapiga simu. "Dada, filamu imekwisha. Ukumbi mmoja umekubali kuionyesha. Njoo uione kwanza wewe."

"Nitakuja."

"Na dada, nakuomba kitu kimoja. Usipoipenda, sema hujaipenda, mimi sina neno. Ila usiitemee mate. Yule bwana atakufa."

"Kwani nimeshaiona?"

"Nakujua," mdogo wake akasema, na akakata simu.

Basi akaenda. Akakalishwa kwenye kochi zuri, shemeji akaketi kwenye kigoda karibu na televisheni, si kuitazama filamu, kumtazama yeye usoni. Na filamu ikaanza. Jamani! Jini lenyewe ni shemeji, amejifunga pazia la sebuleni, lile lile la maua ambalo Mama Ptu aliwazawadia siku walipohamia, kichwani ana povu la sabuni. Linaishi msalani. Kila mwenye tumbo la kuendesha akija mbio, jini linamtokea, linampa nafasi ya kuomba jambo moja, kwa sharti aliombe kabla mambo hayajamshinda. Ndiyo hadithi, hakuna nyingine. Na sauti zake! Shemeji alirekodi zile sauti kwa kumimina uji kwenye ndoo, alisema mwenyewe kwa fahari. Mama Ptu aliweka leso puani ingawa filamu haina harufu.

Akavumilia. Alimpenda mdogo wake, akajiambia hii atasema ni ya homa, homa kali ya kupoteza fahamu, lakini mate atayameza. Hapo ndipo jirani mmoja mnene akaja mbio ameshika tumbo, na jini likamfungulia mlango wa msalani, likainamisha kichwa, na kwa sauti nyembamba ya bibi kizee likasema: "Nenda tu, mwanangu. Mlango sifungi, naurudishia tu."

Kisha ndoo ya uji.

Mama Ptu akainuka, akaenda kwenye beseni la kuoshea vyombo, akatapika. Simaanishi alijisikia kutapika. Alitapika.

Sasa lazima ujue maneno yale yalikuwa nini kwake, la sivyo utamwona mwendawazimu.

Kuna filamu moja ya zamani, ya nchi ya mbali, nyeusi na nyeupe, inaitwa Bibi wa Ukungu. Bibi kizee anaishi kwenye nyumba iliyo pale ukungu unapoanzia, na wafu wote lazima wapite kwake. Watu hawasemi sana ndani yake. Siku moja anapita mtoto, anafika kwenye mlango wa nyuma, anaogopa kutoka. Bibi anamtazama weee, halafu anamwambia: "Nenda tu, mwanangu. Mlango sifungi, naurudishia tu." Mtoto anaingia kwenye ukungu.

Mama Ptu aliipata kwenye kanda chakavu iliyotafsiriwa, mwanzo wake umekatika, jina la mtafsiri halipo, picha nusu nzima ni chenga tupu. Aliamini mtafsiri yule ni mwanamke, mtu mzima, msomi wa watu, na zaidi ya mara moja alimsifu hewani: "Huyo, popote alipo, hakutia chumvi hata punje. Wengine mkajifunze!" Mama yao alipougua, aliitazama kanda ile na bintiye mkubwa kila alipopata nafuu ya kukaa. Mama aliyapenda maneno yale. Binti akitoka chumbani, mama anamwambia, "Nenda tu, mwanangu. Mlango sifungi." Na binti anamalizia, "Naurudishia tu." Alasiri ya mwisho binti alikuwa anakwenda kununua machungwa. Mama akasema yake kutoka kitandani, binti akajibu yake, akatoka. Aliporudi na machungwa, mdogo wake alikuwa amekaa chini, ameshikilia mkono wa mama, analia.

Tangu siku hiyo Mama Ptu alikuwa anafunga kipindi kwa maneno hayo. Baada ya mate yote na matusi yote, sauti inashuka: "Mlango sifungi, naurudishia tu." Watu walidhani ni mbwembwe za redio. Ilikuwa ni mama yake.

Na sasa yamewekwa msalani.

Alipotoka jikoni, shemeji alikuwa amesimama kumsubiri, meno yote nje. "Umeona, shemeji? Umeona pale mlangoni?" Akamkonyeza.

Akamkonyeza! Mama Ptu alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Ana dhihaka na marehemu, alijiambia njia nzima. Amenikaribisha kwake, amenikalisha kwenye kochi, na anamkejeli mama yangu.

Jumamosi hakukohoa. "Leo nina mtu," akasema, "ni ndugu wa ndoa, na kwa hiyo nitamla nyama bila chumvi. Ametengeneza kitu kinaitwa Jini la Msalani. Kwamba ni uchafu, ni uchafu. Kwamba ametumia pazia langu, namwachia. Lakini mtu huyu ni mwizi. Ameingia kwenye Bibi wa Ukungu, filamu safi kuliko zote alizowahi kufanya binadamu, ameiba maneno yake matakatifu, ameyatia kwenye shimo la choo. Mwizi wa kuku anaiba kwa sababu ana njaa. Huyu ameiba apate kuchekesha." Akatema. Kisha akatema tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mji ukalipuka. Kufika Jumatatu ukumbi ulikuwa umebandua bango. Shemeji akipita sokoni watu wanashika mifuko yao na kucheka. Kinyozi wake akamuuliza kama mkasi bado upo.

Mdogo mtu akapiga simu mara moja tu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha dada yake. "Ungetema mate tu, ningefuta. Nilishajiandaa kufuta. Lakini umemwita mume wangu mwizi mbele ya mji mzima. Hapa kwangu usije."

"Unajua yale maneno ni ya nani!" Mama Ptu akapiga kelele. "Ulikuwepo chumbani!"

"Nilikuwepo. Usije."

Utasema alijuta. Wapi! Alikuwa na hasira ya mtu mwenye haki, na hiyo inashibisha. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa, akafua mapazia yake yote kwa sababu tu lile la mdogo wake lilikuwa limemchafua roho. Ila jioni, wakati ambao walikuwa wanapigiana simu kuulizana wamepika nini, alikuwa anaigeuza simu kifudifudi asione kwamba haiiti.

Ikatokea kwamba wiki ile ile makumbusho ya mji yalikuwa yamepata nakala mpya kabisa ya Bibi wa Ukungu. Imesafishwa, haina chenga, tafsiri imeandikwa chini kwa herufi nyeupe. Na nani mwingine wa kuitambulisha? Mama Ptu akavaa gauni lake la kwenda nalo mahali, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa mpaka watu wakaketi kwenye ngazi. Walikuja kwa ajili ya ugomvi, tusidanganyane.

"Tulieni," akawaambia. "Msisinzie. Subirini mlango wa nyuma, mtamsikia bibi mwenyewe, kwa lugha yake, na chini mtasoma. Ndipo mtajua mwizi kaiba nini."

Filamu ikaenda. Ilikuwa nzuri kuliko alivyokumbuka. Ukungu uliofanana na uchafu kwenye kanda yake hapa ulikuwa unapumua. Mtoto akafika kwenye mlango wa nyuma. Mama Ptu alikuwa anatikisa midomo tayari. Bibi akamtazama mtoto. Akamtazama. Akafungua mlango, mtoto akatoka.

Bibi hakusema neno.

Akaufunga mlango. Si kuurudishia. Aliufunga kwa komeo, chuma kikalia, na akarudi jikoni kukoroga chungu chake.

Ukumbini watu wakaanza kumgeukia Mama Ptu mmoja mmoja, kama mtu alikuwa anawaita kwa majina. Taa zilipowaka alisimama haraka kabla hajaulizwa. "Imekatwa," akasema. "Nakala hii imekatwa."

Mkuu wa makumbusho, mzee mpole mwenye miwani, akajisikia vibaya kwa niaba yake. "Mama, hii ndiyo kamili. Wameitengeneza wenyewe kule ilikotoka. Pale hapana neno. Ndipo watu wanapopapenda, kwa sababu hapana neno."

Kutoka kwenye ngazi mtu akauliza, wala si kwa ubaya: "Sasa mwizi kaiba wapi?"

Asubuhi yake Mama Ptu alikuwa studioni kabla hata wafagiaji hawajamaliza. Akampa fundi mitambo ile kanda chakavu. "Nisafishie pale mlangoni. Toa kelele zote."

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Akazungusha vitufe vyake, akavaa vidude vya masikioni, akasikiliza, akakunja uso. Akavivua, akampa. "Mama, kelele nikizitoa hakibaki kitu. Kelele ndiyo yenyewe. Sikiliza."

Akasikiliza. Kwanza kishindo cha ubao, ambacho miaka yote alidhani ni mlango wa bibi. Lilikuwa ni benchi. Kisha mtu anaguna, karibu kabisa: "Kaka, nafa, tumbo." Kisha sauti ya bibi kizee: "Nenda tu, mwanangu. Mlango sifungi, naurudishia tu." Halafu kile alichodhani ni upepo wa ukungu kikajigawa kikawa watu, ukumbi mzima, wanacheka. Na juu ya vicheko vyote, mbele ya kipaza sauti, kimoja. He, he, heee. Na kwikwi.

Akavivua vile vidude akaviweka mezani taratibu, kama vitu vyenye vijidudu.

"Hii si filamu," fundi akasema. "Hawa ni watu wamo kwenye kibanda."

"Nimesikia," Mama Ptu akasema. "Nyamaza kidogo, baba. Nimesikia."

Mdogo wake ndiye aliyefungua mlango. Akasimama katikati, mikono kifuani. "Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nisije. Nimekuja kwa mumeo, si kwako."

Walitazamana. Kitu gani alikiona usoni mwa dada yake sijui, lakini akasogea nusu hatua, nafasi ya kupita mtu mmoja kwa ubavu.

Shemeji alikuwa uani anafua lile pazia la jini. Alikuwa amekonda zaidi. Alipomwona alisimama, mikono inadondosha povu.

"Nani alikuwa anaumwa tumbo?" Mama Ptu akauliza.

"Nani?"

"Kibandani. Bibi wa Ukungu. Nani aliumwa tumbo?"

Shemeji akafikiri, na kidogo kidogo meno yakaanza kutoka. "Seremala! Loo, yule seremala! Alikuwa amekula maharage yamelala. Unajua pale kibandani filamu ikianza tunapiga komeo, watu wasijipenyeze. Sasa yeye tumbo limemshika katikati, anaogopa akitoka nitamfungia nje. Ananitazama kwa macho ya kuomba, nikamwambia, nenda tu mwanangu, mlango sifungi, naurudishia tu. Ukumbi ukavunjika mbavu."

"Mwanangu."

"Mwanangu si rafiki yangu, shemeji? Tulivyokuwa tunaitana vijana. Na hakufika hata. Aliishia kwenye..."

"Sitaki kujua alipoishia!" Akashika ukingo wa karo la kufulia. "Na sauti ya bibi? Kwa nini ulimwambia kwa sauti ya bibi?"

"Nilikuwa nimeshaivaa. Bibi mwenyewe hasemi, anatazama tu, mimi nimekaa na sauti yake kooni nasubiri. Ukiivua, kuirudisha ni kazi. Na kanda ilikuwa inarekodi hapo hapo, mimi bila watu mdomo haufunguki. Ikabaki."

Ikabaki. Mama yake aliaga dunia na maharage ya seremala. Mama Ptu alitaka kucheka, alitaka kumtia huyu mtu kichwa kwenye beseni la povu, alitaka mama yake. Mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Yeye pia alikuwa hajui.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Ptu akauliza. "Miaka yote nayasema redioni. Kila Jumamosi. Kwa nini hukusema ni yako?"

Shemeji akamshangaa, mshangao wa kweli, usio na utani hata chembe. "Nilidhani unajua. Nilidhani umenitambua sauti. Wewe hapa mezani hunisemeshi, shemeji, tuseme ukweli, unanitazama kama nina upele. Lakini Jumamosi, mwisho wa kipindi, unasema maneno yangu. Nikasema, basi ndivyo alivyo huyu dada, hawezi kunisalimia usoni, ananisalimia redioni. Nilikuwa nasubiri pale mwisho kila wiki, muulize mke wangu. Ndiyo maana nikayatia kwenye filamu. Nilikuwa nakujibu."

Mama Ptu alikuwa na maneno kwa kila uchafu duniani. Lakini kilichomjia hapo ni kinyaa, kinyaa kile kile cha nywele kwenye sabuni, ila safari hii kilikuwa juu yake mwenyewe, na hakuna beseni la kukitapikia. Akageuka akapita kwa mdogo wake pale mlangoni.

"Jumamosi," akasema, "fungueni redio."

Angeweza kunyamaza, usisahau hilo. Waliokuwa makumbusho ni wachache, na mji ulishaamua. Angesema nakala ilikatwa, wangemwamini. Yeye ndiye aliyekuwa anawaambia waamini nini. Fundi mitambo mwenyewe alimwambia, "Mama, ukisema haya, nani atakusikiliza tena?" Akamjibu, "Fungua kipaza sauti."

Na akayasema yote. Alianza na mama yake na machungwa, ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Akasema habari za kanda, komeo, benchi, seremala. Maharage hakuyaruka. "Nilimwita mwizi," akasema. "Maneno ni yake. Mwizi ni mimi. Nimeyachukua miaka mingi, nikayavisha joho, nikamtukana mwenyewe alipoyavaa nyumbani kwake. Wenye ukumbi, rudisheni bango. Kinyozi, funga mdomo."

Simu zikaanza kuwaka. Fundi akachagua moja, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Shemeji," sauti ikasema. Mji mzima uliijua.

"Nipo."

"Nimesikia. Yamekwisha. Ila hujasema. Filamu yenyewe, umeionaje?"

Fundi mitambo akafumba macho. Mama Ptu alitazama kipaza sauti. Alikumbuka pazia la maua. Alikumbuka povu kichwani. Alikumbuka ndoo ya uji, na akajua kwamba zile salamu za redioni zimeshamdanganya mtu huyu vya kutosha.

"Ptu!" akasema.

Upande wa pili, he, he, heee, na kwikwi. "Asante. Ungeisifu ningejua unanihurumia."

"Ni uchafu mtupu, shemeji. Wasikilizaji, kaoneni, kisha mnawe mikono."

"Mke wangu hapa ana neno," shemeji akasema. "Ngoja. Anasema umepika nini leo."

Mama Ptu akatoa leso kwenye mkoba. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, fundi anamwonyesha saa, na yeye anatikisa kichwa kwamba hawezi. Hakuweza kuyasema yale maneno ya kufungia.

Basi shemeji akaivaa ile sauti. Ilimchukua muda kidogo, alikuwa amezeeka, lakini ikaja, nyembamba, ya bibi kizee, kwenye redio zote za mji. "Nenda tu, mwanangu. Mlango sifungi."

"Naurudishia tu," akajibu Mama Ptu, kama alivyojibu siku ya machungwa, na akalia hewani bila kujali nani anasikia. Fundi mitambo akaweka tangazo la sabuni.